Alichokiona Mama Mkubwa

Mwaka ule nilikuwa nimechoka na picha za pasipoti na za harusi. Studio yangu ya Mlandege, Iringa mjini, kazi yake ni hizo tu. Kisha nikagundua kwamba kamera yangu ya mtumba inaweza kukusanya picha kadhaa ndani ya moja, nikaanza kucheza nayo. Naiweka kwenye stendi, nabonyeza, nazungusha kidogo pete ya lenzi ya kuvuta ili kitu kisogee karibu, nabonyeza tena, hadi mara tano. Kinachotoka ni kitu kilekile kimejirudia, kila safari kikubwa kidogo, kama kinakujia. Nyingi zilikuwa takataka. Mnara wa kanisa ulitoka kama ngazi iliyoanguka.

Jumamosi moja nikaenda Ilula kumsalimia mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Aliuza nyanya kando ya barabara kuu. Siku hizo nyumbani walikuwa wanamlalamikia. Anamimina chai nje ya kikombe. Anapishana na majirani bila hata salamu ya kamwene, wakasema ana maringo. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, alisema ni uzee tu. Mama mkubwa mwenyewe alishawahi kutuambia, "Vitu vinanijia vingi vingi," tukacheka.

Nikaiweka ndoo yake ya nyanya juu ya meza, nikapiga zile tano, nikampa kamera aangalie kiooni. Vitu vya karibu sana na macho alikuwa bado anaviona. Akaisogeza hadi puani.

"Umejuaje?" akauliza.

"Kujua nini, mama?"

"Si ndivyo ninavyoona mimi! Ila hapa umezidisha. Zangu ni tatu, na zimekaribiana."

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni nikaona hatanii.

Mchana wote tukawa kwenye kazi hiyo. Nilimsimamisha dada mlangoni mwa jiko, nikapunguza picha zikawa tatu, pete nikaigusa kidogo tu. Mama mkubwa akawa fundi wangu. "Punguza. Bado. Hiyo ya nje ififie, inakuwa kama moshi." Nikapiga, nikafuta, nikapiga tena. Mwishowe akaishika kamera kwa mikono miwili. "Hii. Ndiyo hii hasa."

Dada akaja kuangalia. Kwenye picha alikuwa na mabega matatu upande mmoja, na mahali pa uso palikuwa na doa tu. Ndiye aliyekuwa akimgombeza mama yake kuliko sisi wote.

"Kwa hiyo uso wangu huuoni, mama?"

"Nakujua kwa sauti, mwanangu. Na kwa kuburuza kandambili."

Dada akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Jumatatu tukampeleka hospitali mjini Iringa, mimi nikiwa na ile picha nimeisafisha kwenye karatasi. Daktari wa macho aliitazama kabla hata hajawasha kurunzi yake. "Wagonjwa wengi hushindwa kunieleza wanavyoona," akasema. Alipommulika akakuta mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Wakamfanyia upasuaji, wakianza na jicho la kulia. Kesho yake walipomfungua bandeji tulikuwa tumesimama mbele yake kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Akanitazama juu hadi chini. "Umekonda hivi tangu lini?" Kisha akamgeukia binti yake, akampangusa shavuni kwa kidole gumba, mahali ambapo hapakuwa na uchafu wowote. Dada akasema, "Nisamehe, mama." Mama mkubwa akajibu kwamba ana njaa.

La kushoto lilifanyiwa miezi kadhaa baadaye, na halikutulia kama lile la kwanza. Taa za malori bado zinamsumbua, kwa hiyo jua likianza kushuka dada huenda kumchukua barabarani, wakabeba ndoo pamoja, wakarudi nyumbani.