Stelingi ya Mwalimu

Fundi Tambara alirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika mkewe. Akavaa ovaroli, akauliza ni gari gani limetangulia kufika. Watu wa gereji walitazamana. Yule mpaka rangi magari wa banda la jirani, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, akamwambia, "Nenda nyumbani bwana, haya magari hayatakimbia." Tambara akajibu, "Mimi niko sawa." Na hilo ndilo jibu alilompa kila mtu kwa miezi mitatu, hata aliyemuuliza saa ngapi.

Jina la Tambara alilipata kwa usafi wake. Fundi gani huyo anafuta spana kabla ya kuishika, na anaifuta tena akiirudisha? Miaka ishirini na sita chini ya mabati yale yale, na hakuna gari lililotoka mikononi mwake likarudi kwa kosa lake. Hilo hakujisifia yeye. Walimsifia wateja.

Sasa usije ukadhani alikuwa analia kichinichini. Hakulia hata siku moja, na jambo hilo lilimtia aibu. Dada yake mkubwa alimpigia simu kila asubuhi, na Tambara alijibu kabla hajaulizwa: "Nimekula, dada. Nimelala, dada." Alikufa ganzi, basi. Viatu vya mkewe vilikuwa bado mlangoni, na kila siku alivivuka akitoka na akiingia, bila kuvisogeza wala kuvitazama.

Jumanne moja akaja mwalimu mstaafu na pikapu yake ya milango minne, pikapu ambayo ingekuwa mtu ingeshaitwa bibi. Mwalimu ni mwanamke mwembamba, mikono yake kama vijiti vya chaki.

"Stelingi imekuwa ngumu, fundi," alisema. "Jana tukitoka hospitali, pale kona ya soko, iligoma kabisa. Gurudumu likapanda ukingo wa mtaro. Na mzee alikuwa kando yangu."

Mzee ni mumewe. Figo zake zimechoka, na mara mbili kwa wiki hulazwa kwenye mashine ya kumsafishia damu. Hawezi kupanda basi, miguu imevimba.

"Alhamisi saa moja asubuhi lazima tuwe pale," mwalimu aliendelea. "Usinifiche. Kama gari limefika mwisho, sema, nitafute njia nyingine."

"Litapona," alisema Tambara, kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

Chini ya pikapu kulikuwa na madoa mawili, moja jeusi la oili, jingine la rangi ya chai nyepesi. Fundi mwenye haraka hutazama tone linapodondokea, akabadilisha chochote kilicho juu yake, kisha akakuambia ni uzee. Tambara hana mchezo huo. Aliiosha injini yote kwa sabuni na mafuta ya taa, akaikausha, kisha akatoa kopo la poda ya watoto, akainyunyizia mpaka ikawa nyeupe pe.

"Lo! Unampeleka kliniki huyo?" mpaka rangi alipiga kelele. "Usisahau kumvalisha nepi!"

Zamani Tambara angemrudishia la kwake. Safari hii aliwasha injini tu, akazungusha stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara tatu. Akazima, akashika tochi, akatafuta poda ilipolowa.

Doa jeusi lilianzia juu kabisa, kwenye gasketi ya kifuniko cha injini. Imekauka, ukiikunja inakatika. Huo kweli ni uzee. Doa la pili lilitoka kwenye pampu ya stelingi, nyuma ya puli. Akaifungua pampu, akachomoa sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasitoke. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa umevimba, laini kama mkate uliolowa chai.

Hapo akasimama. Uzee hukausha mpira, haulainishi. Akatazama kikopo cha mafuta ya stelingi, akaona rangi ya bodi chini yake imebanduka mpaka kwenye chuma. Akatia matone ya yale mafuta kwenye kikombe cha maji, akakoroga. Mafuta ya stelingi yangeelea yote. Haya, mengi yake yaliyeyuka majini kama sukari. Yalikuwa mafuta ya breki, yale yanayobandua rangi na kuvimbisha mpira.

"Mwalimu, nani mwingine amewahi kujaza hapa?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

"Lini?"

"Siku ile uliyorudi kazini, baada ya msiba."

Tambara hakukumbuka. Alijaribu kuitafuta siku ile, hakuona kitu, si gari, si kopo, si mwalimu. Makopo yote mawili, la breki na la stelingi, yalikaa rafu moja tangu banda lijengwe, na hajawahi kuyakosea, hata alipokuwa na homa.

Angeweza kunyamaza, jamani. Angesema "gari zee, mwalimu", na mwalimu angeitikia. Nani angejua? Hata mpaka rangi asingejua, na yule hujua hadi mambo ambayo hayajatokea.

"Ni mimi," alisema. "Nilitia mafuta ya breki, yakala mpira. Jana nusura niwaue, wewe na mzee."

Alingoja kufokewa. Alitamani kufokewa. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akachelewa kuivaa.

"Siku ile gari halikuwa na ubovu wowote, fundi," alisema. "Nilikuja kukupa pole. Nikasema pole, ukaniambia fungua boneti. Nikafungua. Nilifanyaje? Niliona huwezi kukaa na mtu, nikakuacha ushike kitu."

Tambara akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya oili, na sili mkononi. Mpaka rangi alifungua mdomo, akaufunga. Hilo gereji nzima inalikumbuka mpaka leo.

Jumatano alifanya kazi tangu asubuhi. Alitia gasketi mpya na sili mpya, akabadilisha paipu, na yale mafuta aliyamwaga na kuyasafisha mara tatu. Ilipofika wakati wa kujaza, mkono haukwenda kwenye rafu. Akalichukua kopo akampa mwalimu.

"Nisomee."

Mwalimu akasoma polepole, neno kwa neno, kama anasomea darasa la kwanza. Tambara alimwomba arudie. Akarudia. Ndipo fundi akajaza.

"Kesho mtafute fundi mwingine alikague kabla hujaondoka," alisema akifunga boneti. "Mimi mikono yangu siiamini."

"Kesho utapanda na sisi," mwalimu alijibu. "Likigoma, ligome na wewe ukiwemo."

Alhamisi alikaa kiti cha nyuma, magoti yakigusa kiti cha mzee. Kwenye kona ya soko alishika mlango kwa nguvu. Mwalimu akakata kona kwa mkono mmoja, stelingi nyepesi kabisa, na gari likapita mbali na mtaro.

Mzee akageuka kwa taabu. Shingo ile haikutaka, lakini aliilazimisha, mpaka akamwona vizuri.

"Mwanangu, sikufika mazikoni," alisema. "Nilikuwa kwenye mashine. Siku ile niliwaomba wanichomoe nije, wakakataa. Pole sana kwa mkeo."

Tambara akafungua mdomo aseme yuko sawa. Ikatoka sauti nyingine, kubwa, ya mtu mzima anayelia, na haikukatika. Mwalimu alipandisha vioo, akapunguza mwendo, akapita hospitali bila kuingia. Akazunguka mtaa mzima, akauzunguka tena. Mzee aliitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa shati.