Tangazo la Pili la Kipaza

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, na mkewe naye alimwita hivyo siku alizomkasirikia, ambazo hazikuwa chache. Kabla ya mapinduzi alizunguka na kipaza sauti cha bati begani akiuza dawa ya mende. Mapinduzi yalipokuja, Kamati ya Mtaa iliona ni hasara sauti kama ile kuishia kwa mende, ikampa pikapu yenye spika mbili juu. Tangu hapo kila neno la serikali mpya lilipitia kooni mwake: maji yatakatika, mkutano ni lazima, adui hajalala.

Mkewe alikuwa dobi, na Dobi ndivyo alivyoitwa. Chumba chake cha kufulia kilitazama barabara, chenye beseni za saruji, kamba zilizojipinda kwa uzito wa shuka, na pasi ya mkaa isiyopoa. Aliamini kwamba anayejua madoa ya watu lazima awe na mdomo mzito. Kwa hiyo mmoja alisema yote na mwingine akayameza, na ndoa ikaenda. Kila mlango na ufunguo wake.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo, wakamwita Kifungua. Akasomea kutengeneza meno ya bandia, akafungua karakana yake. Hapo ndipo alipopendana na fundi mwenzake, mwanamume mrefu hata watu wakamwita Ngongoti, wakawa wanaishi chumba kimoja. Dobi alijua mapema kuliko wote, maana nguo za wawili hao zililetwa kufuliwa fungu moja. Akakaa nalo moyoni siku kadhaa, likamuuma, kisha akagundua kwamba mwanawe, aliyekuwa mnyonge tangu utoto, siku hizi anacheka. Likaisha hapo.

Kwa Kamati halikuisha. Nchi mpya, walisema, haina nafasi kwa watu wa namna hiyo. Ni takataka za utawala wa zamani. Mwenyekiti akamwita Kipaza, akamtaka achague mwana au spika.

Kipaza akachagua, tena asubuhi kweupe. Pikapu ikitambaa barabarani, alitangaza kwa sauti ile ile ya maji yatakatika: "Wananchi, leo namkana mtoto wangu. Si damu yangu, si wa nyumba yangu. Atakayemwona mlangoni kwangu amfukuze."

Dobi alikuwa anasuuza shuka za hospitali. Alimsikia mumewe tangu mwanzo wa barabara hadi mwisho, kisha akamsikia akigeuza na kurudi, kwani matangazo yote yalifanywa kwenda na kurudi, kwa faida ya wale wasiosikia. Mchana wake Kifungua na Ngongoti walitoka mtaani na begi moja, wakizomewa na kupigwa mawe. Na Dobi akabeba godoro lake, akahamia chumba cha kufulia. Kipaza alipokwenda kumbembeleza, alijibiwa mara moja tu.

"Ulipomkania ndipo utakapomkubalia. Barabarani, kwenda na kurudi. Kabla ya hapo mimi si wa nyumba yako."

Kipaza akadhani ni moto wa mabua. Akatuma shangazi, akatuma majirani, akapita mwenyewe na kikapu cha matunda. Dobi alikula matunda na hakurudi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, mpaka wateja wadogo wakakua wakidhani madobi wote hulala kazini. Huko nje kukana kukawa mtindo: mzazi aliyeonywa kuhusu mwanawe alikimbilia kwa Kipaza akaniwe mwana haraka, ili Kamati imwache kwa amani.

Kisha meno ya Kipaza yakaanza kuaga. Fizi ziliugua, na meno yakatoka moja baada ya jingine, ya mbele kwanza, mpaka akabaki na magego mawili yasiyofikiana. Akitangaza maji, watu walisikia mluzi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, akamwambia ajitafutie meno au ashuke kwenye gari. Tatizo ni kwamba mtaani hapakuwa tena na fundi wa meno. Aliyekuwepo walikuwa wamemfukuza.

Alikwenda kwa Dobi leso mdomoni. Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akalazimika kuketi ukingoni mwa beseni. Alipomaliza kucheka akajifuta macho, akafunga safari kwenda mji wa pili kwa mwanawe.

"Mlete, mama," Kifungua alisema. "Asiye na meno ni mgonjwa wangu, awe nani."

"Na wewe hutaki chochote kwake?"

"Nataka sana. Lakini sitamnyima mtu kula ili nikipate."

Dobi akamwambia ana moyo mzuri, hakujua ameutoa wapi. Yeye, kwa bahati nzuri, hakuwa na moyo mzuri kiasi hicho.

Karakana yao ya huko ilikuwa safi, rafu zimejaa taya za plasta zinazokenua. Kipaza aliingia bila kujua atazame wapi. Kifungua akamsalimia shikamoo, akaitikiwa kwa chini chini, akamkalisha. Ngongoti alikoroga uji wa kupimia taya katika bakuli la mpira, ukawa mzito, wa waridi, na Kifungua akaupakia kwenye kijisahani cha chuma na kukisukuma taratibu mdomoni mwa baba yake. Akamshika kidevu. Akamweleza kwamba asiseme neno mpaka ugande, la sivyo wataanza upya.

Dobi akavuta kigoda mbele yao. Fursa kama hiyo hakuwahi kuipata tangu siku ya harusi.

"Kipaza, leo zamu yangu," alisema. "Ulisema si damu yako. Damu yenyewe niliimwaga mimi, wewe ulikuwa unauza dawa ya mende. Kamati yako ikamwita huyu mrefu takataka. Mimi ni dobi, uchafu naufahamu. Mwanao alivunjwa mbavu siku ile uliyomtangaza, ulijua? Huyu ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mwezi mzima, akamwogesha, akakesha naye. Mimi mamake sikufanya hivyo, nilikuwa naogopa Kamati kama wewe. Sasa sina muda wa kuogopa. Nimezeekea kwenye beseni nikikungoja useme neno moja la kweli. Ukitaka nife kule, endelea kunyamaza. Meno yatakuwa mazuri, lakini mimi hutaniona."

Machozi yalimtoka Kipaza, yakashuka hadi kwenye vidole vya mwanawe, na Kifungua hakuondoa mkono.

"Usitikisike, baba," alisema. "Bado kidogo."

Meno yalipokamilika yalimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Kipaza alijitazama kwenye kioo, akang'ata kipande cha mkate, akatafuna muda mrefu. Njiani kurudi alimuuliza mkewe, wakimnyang'anya spika, atakula nini.

"Meno si unayo," alisema Dobi.

Siku zikapita, pikapu ikatangaza maji na mikutano kama kawaida, tena kwa lafudhi safi, na Dobi akaanza kujiambia kwamba amepoteza pumzi bure. Halafu asubuhi moja akasikia spika zikikohoa mwanzo wa barabara.

"Wananchi. Niliwatangazia kwamba mtoto wangu si wangu. Nilisema uongo. Niliogopa kupoteza gari hili. Ni damu yangu, alikuwa wangu na ni wangu hadi leo, na yule anayeishi naye ni mkwe wangu. Atakayewaona mlangoni kwangu awakaribishe."

Dobi akatoka na mikono yenye povu. Madirisha mengine yalikuwa yakifungwa kwa kishindo. Muuza matunda alirusha nyanya, ikapasuka kwenye kioo cha mbele, na Kipaza akawasha waipa akaendelea. Akafika mwisho wa barabara, penye ofisi ya Kamati. Hapo sauti ikakatika.

Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya njia. Walinzi wawili wakamshusha Kipaza, wakachomoa ufunguo, wakang'oa waya wa spika. Dobi aliona yote kwa mbali. Amesema kwenda, alijiambia, inatosha, mzee wa watu, njoo zako nyumbani.

Kipaza akajikung'uta koti. Akageuka, akaanza kurudi kwa miguu, na sauti iliyowahi kuuza dawa ya mende bila umeme ikasikika hadi uani: "Kwa wale ambao hawakusikia!" Akarudia tangazo lote, neno kwa neno. Mwenyekiti alipiga kelele nyuma yake. Nani angemsikia mwenyekiti?

Dobi alirudi nyumbani siku hiyo. Kipaza akaitwa kuhojiwa, akafutwa kazi, akaanza kusambaza nguo zilizopigwa pasi, na alizisifu mlangoni kwa watu kupita kiasi. Juma lililofuata Kifungua na Ngongoti wakaja, mchana, kwa kupitia barabara kuu. Wazazi wakaenda kuwapokea mwanzo wa mtaa, wakarudi wanne wakienda sambamba, Dobi amemshika mwanawe mkono huku na Ngongoti huku. Wengine waliwapa mgongo. Wengine wakawaamkia. Jiwe halikurushwa.

Mbele ya mashine ya kusaga, mwenye mashine akatoka, mwanamke mzima, unga hadi kwenye nyusi, akasimama njiani. Dobi akambana mwanawe karibu. Wote walikumbuka kwamba huyu naye alimkana binti yake, aliyempenda mwanamke mwenzake, na kwamba sauti iliyomkania ilikuwa ya Kipaza.

"Nitangazie na wangu," alisema mwanamke.

Kipaza akamjibu kwa upole kwamba spika wamemnyang'anya, na hata angekuwa nazo, mara ile alikosea kumsemea. Aseme mwenyewe.

Mwanamke akatazama huku na huku. Akasema kwamba binti yake ni wake, lakini kwa sauti ndogo, karibu na ya mtu anayejisemea.

"Hawakusikia kule mwisho, dada," alisema Kipaza.

Mwanamke akavuta pumzi, akapaza sauti, na mtaa mzima ukamsikia. Kisha, kutoka dirisha la ghorofani ambalo juma lililopita lilifungwa kwa kishindo, mwanamume mmoja akasema, "Na wangu."