Jiko la Bi na Magamba ya Chaza

Nani kati yenu ameshawahi kuambiwa kwamba moshi wa jiko lake ndio unaoharibu bahari?

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya uvuvi hapa mjini, degree yangu ndani ya bahasha, nikisubiri kuambiwa "no vacancy" kama kawaida. Mbele yangu Bi mmoja, mfugaji chaza kutoka Kusini, aliweka gamba juu ya kaunta, akalibinya kwa kidole gumba. Likavunjika kama biskuti.

"Mwanangu, chaza wetu wadogo wote wanakufa hivi. Kuna nini?"

Afisa alieleza, na wallahi alieleza vizuri: moshi wa dunia unapanda hewani, bahari inaunywa, maji yanazidi uchachu, chaza wanashindwa kujenga magamba.

"Sasa tufanyeje?"

"Punguzeni kupikia kuni, Bi mkubwa."

Bi akavikusanya vipande vyake kwenye ncha ya kanga, taratibu. "Haya, mwanangu. Leo tutakula mchele mbichi, tuone kama Ulaya nao watazima viwanda."

Mimi nshachoka hata kucheka.

Waheshimiwa mnaopanda ndege kwenda kwenye mikutano ya hali ya hewa, mkifika huko mwambieni mwenye kiwanda, usoni, kile mlichomwambia Bi: punguza moto.