Boti Iliyokaa Uani Mountain View

Jumamosi moja majuzi nilifika kwa Mama, Mountain View, nikiwa nimepanga maneno yangu vizuri tangu Westlands. Nilikuwa nimempata mwalimu wa Naivasha anayefundisha watoto kuendesha boti za tanga, na alikuwa tayari kuichukua ile ya Mama. Nikafungua geti, harufu ya vanishi ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Boti imeoshwa, mlingoti umepanguswa, na pikapu ya kukodi imeegeshwa karibu na karo la kufulia. Maneno yangu yote yakaniishia. Mama, na magoti yake yale yanayomuuma, alikuwa anarudi majini.

Labda wewe uani kwenu kulikuwa na kuku, au gari bovu ambalo hakuna aliyetaka kuliuza. Kwetu kulikuwa na boti. Mama alifanya kazi ya nyumba huko Loresho, na tajiri wake alipohama nchi, kila mfanyakazi aliambiwa achague kitu cha kubaki nacho. Mpishi alichukua friji. Baba alikuwa amemtuma Mama aombe makochi, na tayari alikuwa amewatangazia watu wa kanisa. Mama, aliyekulia kando ya ziwa kule Busia, akarudi na boti ndogo ya mbao juu ya mkokoteni. Baba hakumsemesha mpaka wakati wa kula, na hata hapo aliomba chumvi tu.

Mvua ikinyesha boti ilikaa chini ya turubai. Mvua ikiisha, sisi watoto tulipewa msasa, tukaisugua mpaka vumbi likaingia kwenye meno, huku Mama akishona tanga sebuleni kwa cherehani, kitambaa kimemwagika hadi mlangoni na redio ikipiga nyimbo za injili. Ujira wetu ulikuwa nduma za kuchemsha na chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Siku nyingine mlingoti ulikuwa wa kuanikia nguo. Sare zetu zilinuka vanishi hadi mwalimu wa darasa akauliza kama tunalala kwa fundi wa vitanda.

Sikuipenda safari ya kwenda majini. Jirani yetu wa mkokoteni, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kubeba kabichi za soko la Kangemi, alitusaidia kuivusha Waiyaki Way hadi kwenye bwawa la shamba la kahawa, upande wa Loresho. Malori ya kutoka Nakuru yalishuka kwa kasi, Baba akisukuma nyuma jasho likimtoka, na jirani akiyapungia mkono kama askari wa trafiki, akisema, "Ngojeni, meli inapita." Yeye alifurahia. Mimi nilifumba macho.

Na huko mbele kulikuwa na kubaya zaidi. Kila mwaka, siku ya kwanza, Mama alipeleka boti katikati ya bwawa na kuiangusha ubavu makusudi. Tanga lililala majini kama shuka lililoanguka kutoka kwenye kamba. Kisha aliogelea akaizunguka, akapanda juu ya ule ubao unaoshuka chini ya boti, akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka mlingoti uinuke tena. Alikuwa amemwahidi Baba kwamba siku atakayoshindwa kuiinua, boti itatoka uani. Baba, aliyeogopa hata matope, alikubali kwa sababu hakuna ahadi nyingine aliyopewa.

Mimi na Baba tulisimama ukingoni, kiganja chake kimebana changu hadi vidole vikaniuma. Mama alipotea upande wa pili wa boti. Kisha mlingoti ulianza kupanda, na Mama akatokea, kitambaa cha kichwa kimekwenda na maji, akicheka kicheko ambacho nyumbani hatukuwahi kukisikia. Nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Baba alifariki akiisubiri ile siku. Kwa hiyo Jumamosi hiyo ya pikapu nilisimama ukingoni peke yangu. Kahawa imegeuka maghorofa, bwawa limepungua, na mlinzi wa ghorofa la karibu alikuwa ameacha lindo lake kuja kutazama. Mama hakuniuliza nimefuata nini. Alisukuma boti, akafika katikati, akaiegemea, nayo ikaanguka.

Niseme ukweli, niliomba ashindwe. Niliomba kimoyomoyo, nikitaja jina la Mama. Akazunguka boti, nikamwona mkono, kisha sikuuona. Maji yakatulia. Mlinzi akauliza, "Huyo mathe yuko sawa kweli?" Nikaliogopa ombi langu. Niliita mara ya kwanza, nikaita tena, na nilipojitambua maji yalikuwa kifuani, viatu vimenasa kwenye matope, mimi ambaye sijui kuogelea hata kidogo.

Ndipo mlingoti ukasogea. Ukapanda polepole, ukarudi chini, ukapanda tena, na Mama akatokea juu ya ubao, mdomo wazi akitafuta pumzi. Alikuwa ameiinua. Lakini hakucheka. Alinitazama mimi niliyezama hadi kifuani, akashuka, akaivuta boti taratibu hadi ukingoni.

Mlinzi alinipa mkono nikatoka. Mama alikaa kwenye nyasi akitetemeka, nikamfunika koti langu nililokuwa nimeliacha kwenye pikapu. Akalivuta koti shingoni, akasema, "Huyo mtu wa Naivasha, mwambie akuje aichukue."

Nikashangaa amejuaje, kumbe dada yangu alishamwambia. Nikamkumbusha kwamba ameiinua, ahadi haijavunjika.

"Niliinua, ndiyo," akasema. "Lakini babako hakuwahi kuingia kwa maji. Wewe umeingia."

Boti ilichukuliwa wiki iliyofuata. Mama aliisindikiza hadi getini, akaufunga mkanda wa boti uliolegea, akarudi jikoni kuinjika chai. Siku hizi nikimpigia simu ananiambia yuko sawa, anapanda sukuma wiki pale uani, hakuna jambo. Nami namwamini. Nilitaka mama aliye salama na nimempata. Ila yule mwanamke aliyekuwa akisimama juu ya maji akicheka simpati tena, na mimi ndiye niliyemtoa majini.