Mita Kumi, Mikato Tisa

Mwalimu yule simsamehe, na mimi mwenyewe sijisamehe. Naanza na yeye kwa sababu kumchukia ni rahisi zaidi.

Binti yangu alikuwa na miaka minane, anasoma shule ya Lubaga. Siku hiyo alirudi na viganja vimevimba. Swali lilisema: kitambaa cha mita kumi kinakatwa vipande vya mita moja moja, mkasi utakata mara ngapi? Yeye aliandika tisa. Mwalimu akasema kumi, na alipobisha akamchapa.

"Mama, ni tisa," aliniambia. "Kwanza hata mimi niliona kumi. Kisha nikachora."

Mchoro sikuutazama. Nimeuza vitambaa kwenye maduka ya Kikuubo tangu kabla hajazaliwa, anifundishe kukata yeye? Vipande kumi, mikato kumi. Nikamwita kichwa maji. Alipobisha tena nikamzaba kofi.

Jumamosi tulikuwa dukani wote wawili. Mteja mmoja, mama wa Kikongo, alitaka vilemba kumi, mita moja kila kimoja. Kwenye jora palibaki mita kumi kamili. Nikakata huku nikipiga soga, nikafika mwisho, nikafungua mkasi, sikuona cha kukata. Kilemba cha kumi kilikuwa tayari mkononi. Miaka yote hiyo nakata kutoka jora refu, kila kipande na mkato wake, nikadhani najua. Mtoto alikuwa amekaa juu ya robota ananitazama. Afadhali angenicheka.

Jumatatu nikamjia juu mwalimu mbele ya wenzake, kitambaa na mkasi mkononi. Hakuangalia hata nilipokata.

"Nyabo, mama," alisema, "kitabu cha majibu kinasema kumi. Mtihani hausahihishwi kwa mkasi."

Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye naona ana upara. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilitoka pale moyo umepoa, najiona mama wa maana. Kumbe nimeshinda ugomvi wangu mwenyewe tu.

Maana mtoto sikumwomba radhi. Kwetu mzazi haombi radhi, anapika pilau. Nilipika, akala, akasema ahsante, nami nikajidanganya kuwa yamekwisha.

Jioni tulikuwa tunaanua nguo. Nikataka kumfurahisha, nikamtegea swali: shuka mbili zimekauka kwa saa tatu, je, zingekuwa nne, zingekauka kwa saa ngapi? Mtoto niliyemzaa angeitazama kamba, angelitazama jua, angeniuliza maswali mpaka nichoke. Huyu hakutazama kamba wala jua. Alinitazama usoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema, "unataka niseme ngapi?"