Kijiko Kilichokutwa kwa Kunguru

Jumamosi vijana wa kujitolea wa chama cha ndege walikuja kutufundisha pale ukumbi wa Kaloleni. Mimi nilifuata chai. Msichana mmoja wao akaweka mezani kiota cha kunguru kilichoanguka mti ulipokatwa matawi. Akachomoa waya, kipande cha sabuni, kisha kijiko chenye alama ya rangi ya kucha, kama tunavyotia vyombo vyetu alama ili visichanganyike bombani.

Mama niliyekaa naye akajifunika uso kwa leso. Kijiko kilikuwa chake, na tangu mwaka jana hamsalimu jirani yake, anamwita mwizi wa kijiko hicho.

Jirani mwenyewe alikuwa nyuma yetu. Akainama, akamwambia polepole, "Dada, yale uliyonitukana mbele ya watu, panda mti ukamwambie kunguru."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Na ile sabuni uliyosema pia nimeiba?"

"Hata ya sabuni, nisamehe."

Siku hizi mtaani kwetu kila kinachopotea ni kunguru. Jana kuku alipungua sufuriani, nikamwambia mke wa mwanangu ni kunguru.

Akaniuliza, "Na akishiba, mama, huwa anarudisha mfuniko?"