Kaseti Iliyokwenda na Kurudi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Gikondo, mama hakuandika barua. Alizungumza kwenye kaseti, akampelekea mdogo wake aliyeishi Bukoba. Ile ya dakika sitini iliishia kwenye salamu, maana kila jirani alitaka kusalimia. Nikanunua ya dakika tisini. Salamu nazo zikarefuka! Nikaja juu, mama akacheka: "Mwanangu, sasa nimwache nani?"

Mama mdogo alijibu kwenye kaseti ileile, akifuta sauti ya mama. Naye mama akafuta ya mdogo wake. Tuliona ndiyo akili, kaseti mpya ya nini?

Leo simu yangu inabeba maelfu ya saa za sauti. Ya mama haimo hata dakika moja.